Kafara ya Jiwe

Katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, Unguja, kile cha watu kupishana kwa kugeuza mabega, kuna ukuta ambako huwapeleka wageni wangu kabla sijawapeleka Forodhani kula urojo. Ni ukuta wa nyumba ya kawaida, hauna mlango wa nakshi wala baraza la kupigia picha. Kuanzia kiunoni kwenda chini kulikuwa na sehemu iliyokarabatiwa zamani. Mtu alikuta chokaa iliyo katikati ya mawe imeanza kumomonyoka, akaikwangua, akajaza saruji. Saruji yake ilikuwa bado ipo. Ilisimama, ya kijivu, kingo zake kali, ikijitokeza nje ya ukuta kama vyumba vya sega la nyuki. Kilichoondoka kilikuwa mawe. Kila jiwe lilikuwa limerudi ndani kiasi cha vidole viwili au vitatu, na ukilipitishia kiganja kilitoka na unga mweupe.

Mara ya kwanza kuuona nilikuwa na fundi mwashi mzee ambaye amezeekea kwenye kuta za aina hiyo. Alitoa msumari wa inchi nne mfukoni akanikabidhi.

"Kwaruza hapo kwenye saruji."

Msumari uliteleza, ukaacha mstari unaong'aa.

"Haya, panda juu kidogo, kwenye chokaa ya wazee."

Msumari ukachimba mfereji, vumbi likaniangukia kwenye kiatu.

"Kipi kigumu?"

"Saruji, babu."

"Na kipi kilichoila nyumba?"

Sikujibu. Nilikuwa nimetoka kumaliza miaka minne ya kusomea uhandisi, miaka minne ya kujifunza namna ya kukipa kila kitu nguvu zaidi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndani ya ukuta kuna kitu ambacho kazi yake ni kushindwa kabla ya wenzake.

Kitu hicho mafundi wengi wa bara hukiita mota. Wengine husema udongo, hata kama hauna udongo ndani yake, na kwenye kelele za saiti utasikia mtu akiagiza zege huku anataka mota. Zege lina kokoto. Mota ni mchanga, maji na kitu cha kuugandisha mchanga huo, iwe saruji, chokaa au vyote viwili. Ndiyo inayolaliwa na tofali, ndiyo inayoziba nafasi kati ya tofali na jirani yake. Watu wengi huiona kama gundi. Kwa kuwa gundi nzuri ni gundi kali, basi mwenye nyumba akipita saiti jioni akaona mchanga mwingi kwenye mchanganyiko, husimama, hushika kiuno na kutamka neno linalojulikana kuanzia Tanga hadi Mbeya: "Ongezeni simenti!"

Nami nimelitamka. Nilipojenga chumba cha kwanza kwenye kiwanja changu Dar es Salaam nilimsimamia fundi kama askari, nikataka moja kwa tatu, yaani ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga. Fundi alisema moja kwa sita inatosha. Nilimwambia nyumba ni yangu. Alinitazama, akamgeukia saidia fundi: "Mtilie bosi." Mvua mbili hazikupita kabla nyufa hazijaanza, zile za kushuka wima, zikipasua tofali katikati kama kisu kinavyopasua mkate. Kwa jirani, aliyejenga kwa fundi huyohuyo na mchanganyiko aliouchagua fundi, ufa ulitokea pia, kwa sababu udongo wetu wote wawili ni wa kutanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi. Lakini ufa wake ulipanda kama ngazi, ukifuata mistari ya mota, ukizunguka kila tofali bila kuligusa. Alimwita fundi, mistari ikakwanguliwa na kujazwa upya, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Mimi nilibomoa kozi saba za tofali.

Hebu tupige hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kubishana na fundi. Ukuta wa tofali za mchanga na saruji una uzito wa tani mbili hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Ukiupandisha mita 3, kozi ya chini kabisa inabeba tani 6 kwa kila mita ya mraba. Zinasikika nyingi. Zigawe kwa sentimita: ni kilo 0.6 kwa kila sentimita ya mraba. Mtu mwenye kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja anauminya mchanga wa ufukweni kwa zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Paa la bati na mbao zake haliongezi kitu cha kutisha. Sasa chukua mota dhaifu, ile ya moja kwa nane ambayo mwenye nyumba yeyote angeiita wizi. Vitabu vya uhandisi vya Uingereza huipa nguvu ya newtoni 2 kwa milimita ya mraba, ambazo ni sawa na kilo 20 hivi kwa sentimita ya mraba. Yaani mota ya "wizi" inaweza kubeba mzigo wa ukuta ule zaidi ya mara thelathini. Nyumba ya chini ya kawaida haianguki kwa sababu mota imesagika kwa uzito. Huanguka kwa mambo mengine, nami nitayafikia.

Wahandisi wa Ulaya wana kanuni yao ya kukadiria nguvu ya ukuta kutokana na nguvu za viungo vyake viwili, na kanuni hiyo ina jambo ambalo lingefaa kubandikwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi. Ukiongeza nguvu ya tofali maradufu, ukuta huongezeka nguvu kwa asilimia 62 hivi. Ukiongeza nguvu ya mota maradufu, ukuta huongezeka kwa asilimia 23 tu. Na kuna sharti: nguvu ya mota ikizidi mara mbili ya nguvu ya tofali, ziada yote haihesabiwi, ni kama haipo. Umenunua mifuko ya saruji ukaimwaga kwenye karatasi ya hesabu ambayo haina safu ya kuiandika.

Kwa nini iwe hivyo? Chukua vipande viwili vya mkate, paka siagi katikati, kisha bana. Siagi inatafuta njia ya kutokea pembeni. Mota chini ya mzigo hutaka kufanya vivyo hivyo, kutanuka kwenda pembeni, lakini imeshikana na tofali juu na chini. Inatanuka, inalivuta tofali nalo litanuke. Tofali hustahimili kubanwa ila halistahimili kuvutwa, kwa hiyo mwisho hupasuka wima katikati. Ndiyo maana ukuta uliozidiwa na uzito hupasuka kwenye tofali hata kama mota ndiyo dhaifu. Na ndiyo maana mstari mnene wa mota ni ugonjwa: milimita 10 zinatosha, ukifika 25 au 30, kama inavyoonekana kwenye kuta nyingi ambazo tofali zake zimefyatuliwa ovyo na fundi akalazimika kusawazisha kwa mota, umeongeza siagi na kupunguza mkate.

Wamarekani wana mpangilio wa aina za mota ulioandikwa kwa herufi: M, S, N, O na K, kuanzia kali kabisa hadi laini kabisa. Ukishangaa kwa nini herufi zimeruka, ni kwamba zimedokolewa kwa kuruka moja moja kutoka maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kazi ya uashi. M inatakiwa kufika newtoni 17 hivi kwa milimita ya mraba baada ya siku 28. N inaridhika na 5 na kidogo. O na mbili na nusu. Kilichonivutia ni ushauri unaoambatana na herufi hizo: chagua mota laini kuliko zote zinazoweza kuifanya kazi yako. Kwenye majengo ya zamani, mwongozo wa idara yao ya hifadhi za taifa unasisitiza kwamba mota ya kukarabatia iwe laini kuliko jiwe au tofali inalolishika. Fundi wangu wa Unguja hajawahi kuusoma.

Zile siku 28 zenyewe zina mzaha ndani yake. Maabara huchukua mota, hujaza kwenye kifyatulio cha chuma, huiloweka, kisha huiminya kwenye mashine mpaka ivunjike, na namba inayosomeka hapo ndiyo huitwa nguvu ya mota. Lakini chuma hakinywi maji. Tofali linakunywa. Weka mota juu ya tofali la kuchoma lililoanikwa jua la Dodoma na utaona kwa macho inavyokauka ndani ya dakika mbili, ng'aring'ari yake ikizimika kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Saruji huganda kwa kuungana na maji; ukiyanyonya maji mapema, inabaki mchanga wenye rangi ya kijivu. Mota iliyopimwa maabara na mota iliyo ukutani ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa nyumba tofauti.

Hapa ndipo penye nguvu ya kweli, na haina uhusiano mkubwa na idadi ya mifuko. Swali ni kama mota imelishika tofali. Fundi mmoja wa Morogoro alinifundisha namna ya kuipima bila maabara. Mara tu baada ya tofali kulazwa na kugongwa kwa mpini wa mwiko, likamate kwa mikono miwili ulinyanyue. "Mwangalie tumbo lake," alisema. Kama tumbo la tofali limepakwa mota pote, kama kipande cha mkate kilichotolewa kwenye siagi, ukuta utashika. Kama kuna mabaka makavu, hata moja kwa mbili haitakusaidia. Nimefanya jaribio hilo kwenye saiti nyingi tangu siku ile, na nimepata maadui kadhaa.

Ili mota ishike, lazima iwe laini ya kutandazika, na ikae na maji yake mpaka tofali litulie. Saruji tupu na mchanga mkali haina tabia hiyo. Huchuja maji, hukatika kwenye mwiko. Ndiyo sababu mafundi wa shule ya zamani huweka chokaa kwenye mchanganyiko: moja ya saruji, moja ya chokaa, sita za mchanga. Chokaa haiongezi ukali. Inaifanya mota iwe na mafuta, ikubali kulala, isikimbiwe na maji. Siku hizi wengi wamesahau, na badala yake mota ikianza kukakamaa kwenye karai saa tatu baada ya kukorogwa, saidia fundi humwagia maji na kuikoroga tena. Hiyo ni mota iliyoamshwa baada ya kufa. Saruji huanza kushikana mapema. Ukivunja mshikamano wake ukiwa umeshaanza, hauungi tena. Kinachotumika ndani ya saa mbili hivi kimetumika, kinachobaki ni cha kufukia mashimo njiani.

Kuhusu vipimo nitasema kidogo, kwa kuwa kila anayejenga anavijua na kila anayejenga anavivunja. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Toroli lililojazwa na kukatwa juu kwa ubao hubeba kama lita 65. Mfuko mmoja kwa toroli tatu, basi, ni kama moja kwa tano na nusu, mota safi kabisa. Lakini toroli la saidia fundi halikatwi kwa ubao. Linajazwa likawa na kilele kama Kilimanjaro, na moja kwa tano na nusu inakuwa moja kwa saba bila mtu kusema lolote. Kwa upande mwingine, mchanga wenye unyevu hufura: maji kidogo tu yanaweza kuuongezea ujazo kwa robo au zaidi, kwa hiyo toroli la mchanga wa asubuhi yenye umande lina mchanga pungufu kuliko la saa nane mchana. Makosa mawili yanafutana, Mungu saidia. Kisanduku cha mbao chenye ujazo wa mfuko mmoja ni cha kugongomea kwa dakika kumi, na sijui kwa nini tunakionea haya. Mchanga wa ufukweni ndio wa kuuogopa kuliko vipimo vyote: chumvi yake itatokea ukutani kama ukungu mweupe, mvua baada ya mvua, na rangi yoyote utakayopaka itabanduka.

Turudi kwenye chokaa, maana bila kuielewa kichochoro cha Unguja hakieleweki. Jiwe la matumbawe ni chokaa ambayo bahari imeitengeneza kwa msaada wa wadudu wake. Mababu wa pwani walirundika magogo, ya mikoko au ya minazi, wakapanga vipande vya matumbawe juu yake, wakatia moto. Hilo ndilo tanuu la chokaa. Joto likifika nyuzi 900 hivi za selsiasi, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake tangu lilipokuwa kiumbe hai. Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56. Kilo 44 zimepaa. Kilichobaki kinafanana na jiwe lakini ni chepesi, kina kiu, na ni hatari. Kimwagie maji: kinatoa mlio kama samaki anayetumbukizwa kwenye mafuta, kinachemka, kinavimba, kinapasukapasuka na kuanguka kuwa unga au uji mweupe. Likikurukia jichoni tone moja la uji huo, hospitali. Ukishatulia, ndiyo chokaa ya kujengea.

Halafu yanafuata yale ambayo saruji haiwezi. Chokaa ikichanganywa na mchanga na kuwekwa ukutani, huanza kuvuta kutoka hewani ileile hewa ya ukaa iliyotolewa motoni. Polepole inarudi kuwa jiwe. Polepole sana: kwa kadirio la waashi wa uhifadhi, milimita moja hivi kwa mwezi hapo mwanzo, kisha pole zaidi kadiri hewa inavyolazimika kwenda ndani. Kwenye ukuta mnene wa nusu mita au zaidi, kama zilivyo kuta nyingi za Mji Mkongwe na Lamu, chokaa ya katikati inaweza kubaki changa muda wa maisha ya mtu mzima na mwanawe. Lakini uchanga huo ni mali. Ukuta ukitikisika kidogo, ukipata ufa mwembamba kama unywele, maji ya mvua huiyeyusha chokaa ambayo haijakomaa, huipeleka kwenye ufa, na hapo inakutana na hewa na kuganda. Ukuta umejishona wenyewe.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kusimamishwa karibu miaka elfu iliyopita na ukapanuliwa katika karne ya 14, wakati kasri la Husuni Kubwa lilipokuwa linajengwa juu ya jabali la bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Kuba na matao ya msikiti yaliungwa kwa chokaa ya tanuu, yenye nguvu ambayo, ukiipeleka maabara leo, pengine isingefika hata newtoni 2. Kuna sehemu zimeanguka, na nyingine zimejengwa upya baada ya kuanguka. Sehemu zilizosimama zimesimama kwa mota ambayo mimi, bosi wa kiwanja cha Dar es Salaam, ningeamuru imwagwe.

Sasa chumvi. Pwani, maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na yanapanda na chumvi. Yakifika juu lazima yatoke, na hutokea pale penye vinyweleo vingi na laini zaidi. Kwenye ukuta wa zamani hapo ni kwenye chokaa. Maji yanakauka, chumvi inabaki, inakuwa fuwele, fuwele zinakua na kusukuma, na chokaa inavunjika chembe kwa chembe. Baada ya miaka mingi fundi anaikwangua na kuweka nyingine, na jiwe halijaguswa. Wazee wa Unguja waliijua mantiki hii bila kutaja fuwele. Yule wa msumari alitumia neno moja: kafara. Chokaa ni kafara ya jiwe. Inatolewa ili balaa lisimfikie mwenye nyumba.

Zibe mistari hiyo kwa saruji na umefunga mlango wa maji. Hayarudi chini. Yanatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni jiwe lenyewe. Chumvi inaota fuwele ndani ya matumbawe, na matumbawe yanageuka unga mweupe mkononi mwako. Ongeza joto la jua, ukuta ukitanuka mchana na kunywea usiku, na saruji ngumu isiyojikunja ikisukuma kingo za jiwe laini kila siku. Kiraka kinabaki kizima. Hicho ndicho kilichotokea kichochoroni.

Sitaki kuitukana saruji. Joseph Aspdin wa Leeds alipopata hati ya ugunduzi wake tarehe 21 Oktoba 1824 aliupa ulimwengu kitu ambacho chokaa haikuweza: kuganda haraka, na kuganda hata palipo na maji. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kazi Mombasa mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill nje kidogo ya Dar es Salaam mwaka 1966, mtu wa kawaida aliweza kujenga nyumba ya kudumu bila kungoja tanuu wala kukata mikoko. Msingi unaokaa kwenye maji, tangi, shimo la choo, ukuta unaozuia udongo wa mlimani: huko nataka moja kwa tatu, na nitashika kiuno tena. Kosa lilikuwa kuiacha saruji ifike ikiwa na sifa zake, kisha kuisahau chokaa kama tulivyosahau namna ya kusuka makuti.

Na kuna udhaifu unaoua. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera na kuua watu zaidi ya kumi, na maelfu ya nyumba zikaharibika. Nyingi kati ya zile zilizoanguka zilikuwa za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa tope. Tope hubeba uzito vizuri tu. Ukuta wake unaweza kusimama miaka hamsini bila shida mradi ardhi imetulia. Lakini halishiki. Ardhi ikicheza pembeni, tofali zinateleza juu ya tope kavu kama vitabu juu ya meza inayovutwa. Mota inayohitajika huko haihitaji kuwa na namba kubwa ya mashine ya maabara. Inahitaji kuling'ang'ania tofali, na ukuta wenyewe unahitaji mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha kuuzungushia kiuno. Ningemchukua fundi wa Morogoro na jaribio lake la tumbo kabla ya kuchukua mfuko wa ziada.

Mwaka uliofuata ule wa msumari nilirudi Unguja wakati ule ukuta wa kichochoroni unatengenezwa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, ana tindo nyembamba na nyundo ndogo, anaing'oa saruji kipande kwa kipande. Mashine ya kukatia hakuitaka. Inakata na jiwe. Kila mstari uliosafishwa aliupulizia vumbi kwa mdomo, akaurashia maji kwa mkono kama mtu anayetawadhisha, kisha akashindilia chokaa na mchanga kwa matabaka membamba, na udongo mwekundu kidogo ndani yake. Mawe yaliyokuwa yamekwisha kabisa aliyatoa akaweka mengine. Juu ya yote alitundika magunia mabichi, na mjukuu wake alipewa kazi ya kuyamwagia maji asubuhi, mchana na jioni, kazi aliyoilalamikia bila kificho.

"Lakini babu, jua lote hili, si itakauka tu yenyewe?"

"Kukauka ni kukauka," alisema mzee bila kugeuka. "Mimi nataka iive."

Niliukuta ukuta huo tena miezi minane baadaye. Magunia yameondolewa, paka amelala juu ya ngazi ya nyumba ya pili, na mistari mipya ilikuwa imeshapata rangi ya pembe iliyokuwa inafanana na ile ya juu. Nilikuwa na msumari wangu safari hii. Niliukwaruza kwenye chokaa mpya, vumbi jeupe likatoka, si la mfereji kama lile la kwanza, lakini likatoka. Mzee alikuwa mlangoni kwake ananitazama.

"Vipi, mhandisi?"

"Inakwaruzika, babu."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Ukuta bado mchanga huo. Mlete mwanao aje aukwaruze."